Sare ya Mwanaharusi

Mkono uliomshika Batuli pindo la kanga kule Dunda, nyuma ya vibanda vya samaki, haukuwa wa askari.

Najua wiki iliyopita wengi wenu mliapa kwamba ni askari. Tulieni. Ulikuwa mkono wa Habiba, dada wa mumewe, na ulinuka pweza.

"Vua!" Habiba alisema, meno yamekutana.

"Nivue nini, wifi? Hapa sokoni?"

"Hiyo kanga! Askari wamejaa stendi. Kila anayepita na kanga hiyo anafunuliwa uso."

"Kwa nini?"

"Wee mwanamke, umetoka kaburini?"

Hakutoka kaburini. Alitoka Zinga, kwenye shamba la mihogo la mjomba wake, alikojificha tangu siku mtandao ulipozimwa nchi nzima. Simu yake ilikufa chaji huko huko. Kanga aliyoivaa ndiyo aliyokimbia nayo: ya rangi ya chungwa, yenye korosho nyeusi pembeni.

Habiba alivua buibui lake akamtupia juu ya kichwa, kama mtu anayefunika sinia la pilau nzi wasitue, akamburura uchochoroni.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi, jua hili. Wanawake wa Mlingotini wanalima mwani. Mwekezaji akaja akaziba njia yao ya kushuka pwani kwa uzio wa mabati. Wakaandika barua, wakajibiwa wasubiri. Wakasubiri mpaka mwani ukaoza kwenye kamba. Siku moja wakasema basi, wakauendea ule uzio, na wote wakavaa kanga moja: sare ya harusi ya Mwanaharusi, binti wa Habiba. Walisema tukivaa sare tutaonekana kitu kimoja.

Wakaonekana. Wakaonekana na nchi nzima.

Kuna mtu alirekodi. Batuli yuko mbele, uso kaufunika mpaka machoni, anaimba: "Njia yetu mmeiziba, juu yenu tutapita!" Wenzake wanaitikia, mabati yanalala. Video ikarushwa. Kufika kesho yake vijana wa Dar wanauimba wimbo ule barabarani, kufika keshokutwa miji mingine imeupokea, matairi yanaungua. Halafu mabomu ya machozi, halafu risasi, halafu mtandao ukazimwa. Kuna akina mama mpaka leo wanazunguka hospitali hadi hospitali na picha za watoto wao. Wanawake wa Mlingotini walitaka njia ya kushukia pwani, basi.

Sasa mtandao umerudi, na video imerudi nayo.

Nyumbani kwa Habiba sufuria kubwa la pweza lilikuwa linachemka jikoni. Habiba alifunga mlango kwa komeo, akageuka, na uso wake haukuwa tena wa mtu aliyekuja kuokoa.

"Wamemchukua Yunus," alisema.

Batuli alikaa chini. Hakutafuta kigoda wala mkeka. Alikaa kwenye sakafu.

"Lini?"

"Leo, katoka msikitini kuswali alfajiri, hata viatu hajavaa sawasawa. Wamesema mke akija, mume anatoka. Kaka yangu hajui hata rangi ya ule uzio, Batuli. Yeye na baharini, baharini na yeye. Yuko ndani kwa ajili ya kuimba kwako."

"Walijuaje kama ni mimi? Uso niliufunika."

"Walikuja na jina lako lote. Batuli binti Sharifu, mke wa Yunus. Wakasema wewe ndiye wa mbele, mwenye sauti. Wakasema na sare ni ya harusi gani." Habiba aliinama karibu. "Kuna mtu kakuuza, wifi. Na ni mtu wetu."

Kwenye mlango wa ndani alisimama Mwanaharusi na glasi ya maji. Bibi harusi mwenyewe, hina ya miguuni haijafifia. Yunus ni mjomba wake, ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki. Na siku ya uzio binti huyu alikuwa nyuma tu ya Batuli, wa kwanza kuitikia. Kila anachojua katika kuimba kafundishwa na Batuli.

"Mkazamjomba, kunywa maji," alisema kwa sauti ndogo.

Batuli hakunywa. Aliomba chaji.

Simu ilipowaka, kitu cha kwanza alifungua kundi lao la wasapu la wakulima wa mwani. Kundi lile lile lililopangiwa safari ya uzio, lililojaa ngumi na moto na "tuko pamoja mpaka mwisho." Alishuka nalo kwa kidole.

Amejitoa. Amejitoa. Amejitoa. Amejitoa.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Adila, mwenyekiti wao, yule aliyesema hatakubali hata kwa bunduki: "Jamani naomba ieleweke siku zile zote simu yangu ilikuwa na mtoto." Kisha na yeye: amejitoa.

Nakumbuka enzi ambazo kikaratasi cha siri kilipita mkono kwa mkono chini ya meza ya kahawa. Kilikuwa na herufi zilizofifia na makosa tele, lakini aliyekipokea alijua kinamfunga. Akikitaka alikichukua, asipokitaka alikirudisha, na ulimjua kwa uso. Leo mtu anapigana vita nzima kitandani, kajifunika shuka, na moto ukifika mlangoni anabonyeza kitufe kimoja: hayumo, hakuwemo, simu ilikuwa na mtoto. Tufu!

"Usihangaike na hao," Habiba alisema. "Nimemwita mtu mkubwa."

Mtu mkubwa alibisha hodi muda si mrefu. Alinukia kuliko bibi harusi. Jina lake Abdulnasir, mzaliwa wa hapa hapa Dunda, lakini siku hizi anaishi mjini na mtandaoni anajiita Sauti ya Pwani. Mkono mmoja simu, mkono mwingine taa ya duara ya kupigia video, yenye mguu wa chuma.

"Asalaam alaykum, mashujaa!"

"Waalaykum salaam," Batuli alijibu. "Wewe ndiye uliyeturekodi?"

"Mimi, dada yangu. Bila mimi nani angewajua?"

"Kweli. Nani angetujua." Alimtazama kuanzia viatu. "Siku ile ulikuwa upande gani wa uzio?"

"Upande wenye mwanga mzuri."

Alisema hivyo, Mungu shahidi, na hakuona haya. Alikuwa tayari anafungua taa yake.

"Mume wangu kashikwa," Batuli alisema. "Utanisaidia nini?"

"Tunaingia laivu sasa hivi. Unakaa hapo hapo sakafuni, pazuri sana. Unafunua uso. Unalia. Kufika jioni dunia nzima inajua."

"Dunia ikishajua?"

"Italaani!"

"Ikishalaani?"

Abdulnasir alikuna kidevu. "Tutaingia laivu tena."

Habiba alimgusa wifi yake bega. "Funua uso, Batuli. Kaka yangu yuko ndani. Kulia tu, kuna ugumu gani?"

"Kwanza niione hiyo video," Batuli alisema. "Nchi nzima imeniona, mimi sijajiona."

Abdulnasir alimpa simu kama anayempa mtoto mchanga. Batuli alijitazama. Aliona mabati yakiyumba, akaona kanga za chungwa zimesimama mstari mmoja, akajisikia akiimba. Kwa kitambo kidogo macho yake yaling'aa. Walikuwa wamependeza, kusema kweli.

Halafu akashuka kwenye komenti.

Ya kwanza kabisa, juu ya zote, ilikuwa na picha ya bibi kizee aliyevaa miwani ya jua. Habiba aliichungulia begani kwake, na kabla hajajizuia alikuwa ameshaisoma kwa sauti:

"Mashaallah wanawake wa kwetu Mlingotini mmependeza!! Hiyo sare nimeituma mimi kutoka Maskati, robota zima, kwa harusi ya mjukuu wangu Mwanaharusi. Huyo wa mbele anayeimba ni Batuli binti Sharifu, mke wa mwanangu Yunus. Kajifunika uso lakini sauti yake naijua popote. Allah awalinde."

Chini yake mioyo, mioyo, mioyo.

Pweza alitokota.

Mmeona, wasomaji? Wiki nzima mlinitajia wasaliti. Mmoja alisema balozi wa nyumba kumi, mwingine alisema mlinzi wa mwekezaji. Hakuna aliyemuuza Batuli. Katolewa bure, kwa mahaba, na bibi kizee aliyekaa kwenye kiyoyozi ng'ambo ya bahari, aliyeona sare yake badala ya kuona vita, akamwombea na ulinzi wa Mwenyezi Mungu kwenye mstari ule ule aliomkabidhi kwa askari.

"Shangazi Ashatu," Batuli alinong'ona. Ndiye shangazi yao Yunus na Habiba, anayewaita wana. "Nani alimpa video Shangazi Ashatu?"

Habiba alitazama sufuria.

"Wifi. Nani alimtumia?"

"Alikuwa kila siku ananidai picha za harusi," Habiba alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nikaona humo sare imetoka vizuri kuliko hata siku ya harusi yenyewe. Nikamtumia. Nilitaka aone tu, Batuli. Wallahi nilitaka aone tu."

Batuli hakumpiga. Alimgeukia Abdulnasir.

"Hii ya Shangazi mbona iko juu ya zote?"

"Nimeipini," alisema kwa fahari. "Komenti inayopendwa naipandisha. Ina hisia ile, ya nyumbani."

"Uliisoma?"

"Niliona mioyo."

"Jina langu hukuliona? Jina la mume wangu?"

"Dada, komenti ziko maelfu..."

"Ifute."

"Sawa, lakini sio sasa." Alishusha sauti kama daktari. "Ngoja nikueleze. Video ndiyo kwanza inapanda upya tangu mtandao urudi. Nikigusa kitu sasa hivi, itashuka. Tusubiri mpaka kesho..."

Batuli alisimama. Alikwenda hatua mbili mpaka jikoni, akaidondosha simu kwenye sufuria la pweza.

Ilizama bila haraka. Taa yake ilionekana kidogo kwenye mchuzi wa zambarau, kisha ikazima.

"Umeua simu!" Abdulnasir alipiga kelele. "Simu tu umeiua, mwanamke wewe, video huiwezi! Iko kila mahali!" Akaingiza mkono mfuko wa nyuma akatoa nyingine. Watu wa aina hii huwa na nyingine. Alitoka mbio na taa yake kwapani, na nje tayari alikuwa anaongea nayo: "Ndugu zangu, niko nanyi mubashara, shujaa wetu Batuli anateseka! Tukutane kituo cha polisi wote! Vaeni sare!"

Habiba alipiga magoti. "Wifi, nisamehe."

"Inuka. Nisaidie kupika."

"Kupika?"

"Naenda kujitoa, Yunus atoke. Unataka niende kituoni mikono mitupu, aliye ndani hajala tangu alfajiri?"

Nawajua baadhi yenu mtacheka. Msicheke. Mtu wetu akishikwa, jambo la kwanza ni sufuria, la pili ni sheria. Pweza alikuwa ameharibika, kwa hiyo wakabandika wali upya, wakakuna nazi, wakakaanga samaki changu. Wakaswali adhuhuri. Batuli aliswali taratibu kama mtu anayeaga. Habiba alifunga chakula kwenye kitambaa, akamvika wifi yake buibui vizuri juu ya ile kanga ya chungwa, wakatoka.

Glasi ya maji ilikuwa bado imesimama kizingitini. Wote wawili waliiruka. Hakuna aliyejiuliza aliyeileta yuko wapi.

Stendi, askari walikuwa wamekaa kivulini wamechoka. Hawakuwa na la kufanya. Duka moja lilikuwa limetundika kanga ile ile mlangoni, na wasichana walikuwa wanaichagua. Imekuwa fasheni. Kuna watu wamezikwa, na imekuwa fasheni.

Walipokata kona ya kituo, Batuli alisimama, moyo ukamjaa.

Barabara nzima ilikuwa ya rangi ya chungwa. Wanawake wa Mlingotini, wa Dunda, wa mpaka Zinga, bega kwa bega, sare juu mpaka chini. Na mbele kabisa, Adila! Yule yule wa simu ilikuwa na mtoto.

"Wamekuja," Batuli alisema, na machozi yakamtoka. "Habiba, wamekuja!"

Wamekuja, ndiyo. Akasogea karibu zaidi ndipo akaona mikono. Kila mkono umeinuliwa, na kila mkono una simu.

"Huyooo anakuja!"

"Dada, pita katikati tukupate vizuri!"

"Wee, sogea, kichwa chako kimejaa kwenye picha yangu!"

"Adila," Batuli alisema alipofika kwake, "tunaingia wote?"

"Nenda tu, mwaya, Mungu yuko na wewe," Adila alijibu bila kuondoa jicho kwenye kioo. "Tunakurekodi. Hawathubutu kukugusa, tunakurekodi."

Hata mguu mmoja haukuvuka ngazi ya kituo. Abdulnasir alikuwa juu ya ukuta, jua nyuma yake, anawaeleza watu wa dunia nzima jinsi alivyo jasiri.

Batuli na Habiba waliingia peke yao.

Kaunta ilikuwa na askari mnene mwenye miwani. Hakuinua kichwa. Kwenye simu yake alikuwa anatazama laivu ya Abdulnasir: anatazama mlango wa kituo chake mwenyewe.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Chakula cha nani?"

"Cha Yunus. Na mimi ndiye mnayenitafuta. Mimi Batuli binti Sharifu."

Askari aliinua kichwa. Alicheka mpaka miwani ikashuka.

"Mwingine! Mama, umechelewa. Batuli tunaye."

"Mna nani?"

"Kaja mwenyewe tangu kabla ya adhuhuri, na sare yake. Mkuu hakuamini, akamwambia imba. Kaimba hapo hapo uliposimama, sauti ile ile ya kwenye video. Tumemaliza. Mumewe huyo hapo anatoka."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Yunus alitoka pekupeku, mkanda mkononi. Alimwona mkewe. Akamsogelea.

"Twende nyumbani," alisema chini kwa chini.

"Yunus, ndani yuko nani?"

"Nyamaza. Twende."

"Umemwona? Umempita humo ndani ukamwona?"

"Batuli, nina mke mmoja! Nyamaza, nakwambia, tutoke hapa!"

Na hapo, kutoka nyuma kabisa, kupitia ukuta wa mahabusu, sauti changa ikaanza kuimba. Ilikuwa inatetemeka lakini haikukosea hata pumzi moja, kwa sababu ilifundishwa vizuri.

"Njia yetu mmeiziba..."

Chakula kilimponyoka Habiba. Wali ulitapakaa sakafuni.

"Mwanangu," alisema. "Hiyo ni sauti ya mwanangu!"

Yunus aligeuza uso ukutani. Msichana aliyemlea kwa mkono wake alikuwa amempita kwenye mlango mmoja, yeye anatoka, binti anaingia, na akafunga mdomo. Batuli alimtazama mtu huyu ambaye yeye alikuja kumfia. Akampa kisogo.

"Wapi mnampeleka?" Habiba alikuwa ameshika kaunta. "Afande, wapi?"

"Dar. Gari linawashwa."

Kweli, uani injini ilinguruma.

Batuli alilivua buibui akalibwaga juu ya kaunta. Kanga ya chungwa ikabaki. "Mimi ndiye Batuli!" alisema. Askari alitazama simu yake, akamtazama yeye, akatazama wale wa nje waliovaa kama yeye. "Kila mtu leo ni Batuli," alisema, akarudi kwenye laivu.

Basi Batuli alikimbilia mlangoni, akasimama juu ya ngazi mbele ya simu zote zile.

"Wanamchukua Mwanaharusi! Mnamjua, mmecheza harusi yake, sare yake mmeivaa! Njooni tuzibe geti! Njooni!"

"Rudia, dada!" Abdulnasir aliita kutoka ukutani. "Upepo umeingilia! Rudia ukiangalia huku!"

"Ndiyo, rudia!" mwingine akadakia. "Hatukupata mwanzo!"

Batuli alifumbua kinywa kuwalaani. Hakuwahi.

Abdulnasir alikuwa anaitikisa simu yake. Aliitikisa tena, akaiinua juu, akaishusha.

"Jamani," alisema. "Mtandao umekata."

"Hata mimi."

"Hata kwangu hakuna."

Mikono ikaanza kushuka. Mmoja, mwingine, kumi, yote. Abdulnasir aliruka kutoka ukutani na kuangalia huku na huku kutafuta bodaboda. Wanawake wakabaki wamesimama juani, simu zimekufa viganjani, na kwa mara ya kwanza tangu wafike waliutazama mlango wa kituo kwa macho yao wenyewe.

Geti la uani likafunguliwa. Gari likatoa pua.

Kati ya gari na barabara ya Dar hapakuwa na kitu ila wao.

Adila aliichomeka simu kifuani. Akaifungua kanga, akajifunga kibwebwe. Aliitazama njia ya kurudi Mlingotini, ilikuwa wazi. Akalitazama gari. Kisha akainua mguu.